Sura ya Sita: Nondo Wasiofanana

Mtu apitaye Kibera kwa miguu, akiteremka kutoka Makina kuelekea Laini Saba, hukutana njiani na magunia yaliyosimamishwa wima mbele ya milango, kandokando ya reli, na kila mahali ambapo pana nafasi ya kuweka mguu. Na magunia hayo, ambayo mgeni aweza kuyadhania taka zinazongoja kubebwa, ni mashamba. Katikati ya kila gunia hupangwa nguzo ya kokoto ya kupitishia maji, kuizunguka hujazwa udongo uliochanganywa na samadi, na ubavuni hutobolewa matundu ambamo miche ya sukuma wiki hupachikwa, hata kipande cha ardhi kisichotosha kulaza mtoto kikawapa watu wa nyumba nzima kitoweo cha jioni kadhaa katika juma. Kilimo hiki kilipata nguvu mwaka 2008, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 kukata njia za chakula na kupandisha bei, ndipo shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités lilipogawa miche na kuwafundisha wenyeji namna ya kulijaza gunia. Na ijapokuwa msaada huo ulikuwa wa dharura, wengi waliendelea na kazi hiyo kwa bidii yao wenyewe, kwa kuwa waliiona faida yake sufuriani.

Lakini popote palipo na sukuma wiki, pana mwenziwe asiyealikwa. Ligeuze jani mojawapo la gunia lililokaa siku chache bila kukaguliwa, utaona juu ya tumbo la jani vitone vidogo vya manjano, ambavyo ni mayai. Kando yake utaona michirizi mieupe, myembamba kuliko uzi wa kushonea, ambamo kiwavi aliyetoka yaini hula nyama ya jani akiwa amefichika ndani yake. Kisha utaona madirisha, yaani mahali ambapo kiwavi aliyekua kidogo amekula upande wa chini akauacha utando wa juu ukiwa mzima, hata nuru ikapenya. Mguse kiwavi huyo kwa ncha ya kijiti, naye atajinyonganyonga kwa ghadhabu akirudi kinyumenyume, kisha ataanguka na kuning'inia hewani kwa uzi wa hariri mpaka hatari ipite, ndipo apande tena. Akishiba hujisokotea kifuko chepesi kama wavu, na baada ya siku chache hutoka nondo wa rangi ya kijivu na kahawia, urefu wake haufiki sentimita moja, ambaye akikunja mbawa zake huonyesha mgongoni mstari mweupe wenye pembe za almasi. Kwa ajili ya pembe hizo wataalamu wetu humwita nondo mgongo almasi, na wataalamu wa dunia humwita *Plutella xylostella*.

Upande wa pili wa Barabara ya Ngong, huko Kawangware, nondo huyo huyo hufika kwa njia nyingine. Mboga za soko la Kawangware aghalabu hutoka Kikuyu, Wangige na Limuru, zikashushwa alfajiri zingali na umande, na mama mboga aketiye kibarazani pake akizikata kwa kisu chembamba huzikagua moja moja, akiyakung'uta majani yenye matundu na kuyaweka kando. Kiwavi aliyekung'utwa huanguka chini, na bila shaka wengi hufa. Lakini baadhi hufika hapo wakiwa ndani ya vifuko vyao, wamejibandika kwenye bua au kwenye ukingo wa kreti, na nondo akitoka humo huruka kutafuta gunia la karibu. Mdudu huyu hasafiri kwa kreti tu. Imethibitishwa kwamba huchukuliwa na upepo masafa marefu, hata huvuka bahari kutoka bara la Ulaya akaingia Uingereza. Basi kutoka mabonde ya Kikuyu hadi mabati ya Gatina, huko Kawangware, si safari ya kuhesabiwa.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa kuwa nataka msomaji aliweke jani hilo mbele ya macho yake wakati ninapomwambia jambo ambalo macho hayawezi kumwambia. Viwavi kumi walio juu ya jani hilo, wenye rangi moja, kimo kimoja na ulafi mmoja, si viwavi wa namna moja. Kila mmoja amerithi kutoka kwa baba na mama yake jozi 31 za kromosomu, na ndani yake jeni zipatazo 18,000, na katika jeni hizo wametofautiana kwa maelfu ya herufi. Wapo ambao sumu fulani haiwadhuru, wapo wastahimilivu wa baridi, wapo ambao mmea usioliwa na wenzao wao hauwaui. Tofauti hizo hukaa kimya kwa vizazi na vizazi, hazina faida wala hasara iliyo dhahiri, mpaka siku ambayo mazingira yanabadilika. Na aghalabu tunaoyabadilisha ni sisi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme kwamba katika jamii ya nondo wa mahali fulani, nakala moja ya jeni katika kila nakala 1,000 ina kasoro ndogo inayomwezesha mwenye nayo kuistahimili dawa. Kwa kuwa kila nondo ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, mwenye nakala zote mbili za ustahimilivu atakuwa mmoja katika 1,000,000, ilhali mwenye nakala moja tu atakuwa karibu wawili katika kila 1,000. Mkulima akipiga dawa kwa kipimo kamili, aghalabu hufa wote isipokuwa yule mmoja wa milioni, ambaye ni vigumu kumpata mwenzi wa namna yake. Lakini mkulima ambaye fedha zimempungukia, akaizimua dawa ili chupa imfikishe mwisho wa mwezi, huwaacha hai wale wawili wa kila elfu. Nao wakioana wao kwa wao, robo ya watoto wao huzaliwa na nakala zote mbili, na katika vizazi vichache, ambavyo katika joto ni suala la majuma matatu kwa kila kizazi, kilichokuwa adimu huwa ndicho cha kawaida. Dawa haikumfundisha mdudu kitu, wala mdudu hakuizoea kama watu wasemavyo. Dawa ni chekeche: haiumbi punje kubwa, huziacha tu juu punje zilizokuwamo tangu mwanzo.

Mdudu huyu amewahi kupita katika machekeche mengi. Mwaka 1953 iliandikwa habari kutoka Lembang, katika kisiwa cha Java, kwamba DDT, ambayo wakati huo ilisifiwa kama tiba mujarabu ya wadudu wote, haikumuua tena. Naye akawa miongoni mwa wadudu wa kwanza wa mazao kuishinda dawa hiyo shambani. Mwaka 1990 ikathibitishwa huko Hawaii kwamba ameishinda hata sumu itokanayo na bakteria aitwaye *Bacillus thuringiensis*, ambayo ilitumainiwa kwa kuwa ni ya asili na haiwadhuru watu. Dawa zilizoigizwa kutoka kwa pareto nazo zina habari inayotuhusu kwa karibu, kwa kuwa pareto ni zao la nyanda zetu za juu, na kwa miaka mingi Kenya ndiyo iliyoongoza ulimwenguni kwa kulima maua hayo. Sumu ya pareto na dawa zinazoigiza pareto hufanya kazi kwa kulishika lango dogo lililo katika mishipa ya fahamu ya mdudu, ambalo hupitisha sodiamu, zikalizuia lisifungike, hata mdudu akatetemeka mpaka akafa. Palitokea nondo ambao tofauti ya herufi moja tu katika jeni ya lango hilo ililibadilisha umbo kidogo, sumu ikakosa pa kushika. Na nondo wa namna hiyo sasa wamepatikana katika nchi nyingi mno.

Pengine msomaji atauliza kama tofauti hizi za nasaba hazina kazi nyingine isipokuwa kumkinga mdudu na sumu za wanadamu. Jibu lake lilitokea hapa hapa kwetu, kwenye Bonde la Ufa, karibu na Naivasha, na kwangu mimi ni mojawapo ya mambo ya ajabu yaliyopata kuandikwa katika elimu ya wadudu wa Afrika Mashariki.

Nondo mgongo almasi kwa kawaida hula mimea ya jamaa ya kabichi tu. Kabichi, sukuma wiki, figili na haradali zote zina chumvichumvi zenye salfa ambazo jani likitafunwa hugeuka kuwa ule ukali uwashao puani, na ukali huo ndio silaha ya mmea dhidi ya wadudu. Wadudu wengi huukimbia. Nondo wetu amejaaliwa kimeng'enya tumboni mwake ambacho huikata ile salfa kabla ukali haujazaliwa. Naye, baada ya kuinyang'anya mimea silaha yake, huitumia harufu yake kuwa alama ya mahali pa kutaga mayai. Kwa sababu hiyo vitabu vyote viliandika kwamba kunde, managu na maharagwe hayamhusu, na mwenye gunia la Kibera aliyechanganya managu na sukuma wiki huona kwa macho yake kwamba nondo huyapita managu kama asiyeyaona.

Basi mwaka 1999, katika mashamba ya Naivasha yaliyolimwa njegere za kuliwa na maganda yake, ambazo ni za kupelekwa sokoni Ulaya, palitokea viwavi waliokuwa wakizila njegere hizo kwa wingi, na walipochunguzwa wakaonekana kuwa ni nondo mgongo almasi. Njegere hazina ule ukali wa haradali hata chembe. Si za jamaa ya kabichi, wala hazina undugu wa karibu nayo. Bernhard Löhr, aliyekuwa akiongoza kazi ya mdudu huyu katika kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilichoko Kasarani, ambacho Profesa Thomas Odhiambo alikiasisi mwaka 1970, aliwachukua viwavi wa njegere na viwavi wa kabichi, yeye na wenzake wakawalea mbali mbali na kuwabadilishia chakula. Wale wa kabichi walipolishwa njegere, karibu wote walikufa. Lakini waliosalia, ijapokuwa walikuwa wachache mno, walizaa watoto waliostahimili zaidi, na katika vizazi vichache vya kulishwa njegere peke yake jamii yao ikawa na uwezo wa kuishi juu yake. Maana yake ni kwamba katika nondo wa kawaida wa kabichi, waliokuwa hawajaonja njegere wao wala babu zao, uwezo wa kula njegere ulikuwa umelala ndani ya baadhi yao.

Baadaye, nondo wa njegere wa Kenya walipopelekwa Ujerumani na kuozwa na nondo wa kabichi ili urithi wa tabia hiyo ufuatwe kwa watoto na wajukuu, ilidhihirika kwamba si kazi ya jeni moja, kama lilivyo lango la sodiamu, bali ni ya jeni nyingi zinazosaidiana, kila moja ikiongeza kiasi chake. Natamani habari hii ijulikane na kila afisa wa kilimo, kwa sababu inatuonya juu ya kosa la kumfikiria mdudu kama kitu kimoja chenye tabia moja iliyokwisha kuandikwa. Shamba kubwa la kabichi lililojaa viwavi, likang'olewa ghafla jirani na shamba la njegere, huwaacha viwavi wengi wenye njaa mahali ambapo hapana kingine cha kula. Na katika wengi hao, mmoja mwenye bahati ya nasaba anatosha kuanzisha jambo.

Asili ya nondo huyu nayo imebishaniwa muda mrefu. Wapo waliosema ametoka pwani za Bahari ya Mediterania, ambako kabichi ya mwituni huota. Na mwaka 1998 mtaalamu wa Afrika Kusini aitwaye Rami Kfir akatoa hoja kwamba asili yake ni kusini mwa Afrika, kwa sababu huko alikuta aina nyingi za nyigu wadogo wanaomvamia, na maadui wengi wa asili ni dalili ya ukaazi wa kale. Hoja hiyo ilinipendeza, na hata leo naiona ni hoja ya mtu mwenye akili. Lakini mwaka 2020 kundi la wataalamu lililoongozwa kutoka Fujian, Uchina, likatangaza matokeo ya kusoma vinasaba vya nondo 532 waliokusanywa kutoka mahali 114 ulimwenguni, na ushahidi wao ukaelekea Amerika ya Kusini. Kutoka huko, wakasema, nondo alienea kwa awamu tatu kubwa, akifuata merikebu za wakoloni wa Kizungu na biashara iliyowafuata. Ikiwa ndivyo, mdudu huyu na mahindi yanayochomwa jioni kando ya barabara za Kawangware walitoka upande mmoja wa bahari. Uchunguzi wa vinasaba umefichua na jambo jingine: huko Australia, katika nondo waliodhaniwa wote kuwa *xylostella*, mwaka 2013 ikabainishwa kwamba wengine ni spishi mbali kabisa, iliyoishi imefichwa na mfanano wa sura.

Sasa nije kwenye tiba, kwa kuwa hapo ndipo tofauti za nasaba huwa neema na si balaa tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 icipe ilileta kutoka Taiwan nyigu mdogo mwembamba aitwaye *Diadegma semiclausum*, ambaye jike lake hutaga yai ndani ya mwili wa kiwavi. Mtoto wa nyigu hukua humo akimla mwenyeji wake taratibu, hata mahali pa nondo akatoka nyigu. Waliachiliwa Werugha, katika milima ya Taita, na Tharuni, katika nyanda za kati, na katika miaka iliyofuata idadi ya viwavi ikapungua sana, na wakulima wengi wakapunguza dawa. Ni nyigu wa mahali penye ubaridi, na hali ya hewa ya Nairobi, ambayo iko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, haimchukizi. Lakini nyigu hufa kwa dawa ile ile ambayo nondo ameishinda. Na mkulima anayepiga dawa kila juma huwaua maadui wa mdudu, akamwacha mdudu mwenyewe.

Tena haitoshi kusema "nyigu", kama vile haikutosha kusema "nondo". Ushahidi mzuri kuliko wote niujuao unatoka katika mahindi. Tunaye nyigu mwingine wa kienyeji, *Cotesia sesamiae*, anayewavamia funza watoboao mabua, naye huishi kuanzia pwani hadi nyanda za magharibi. Wa Mombasa na wa Kitale hawatofautiani machoni pa mtazamaji. Lakini yule wa Mombasa akitaga mayai yake ndani ya funza wa nyanda za juu, *Busseola fusca*, chembe za damu ya funza huyazingira mayai hayo tabaka juu ya tabaka, zikayaziba pumzi na kuyaua. Ilhali mayai ya yule wa Kitale, ndani ya funza wa namna ile ile, hukua salama. Siri iko katika virusi ambavyo nyigu jike huviingiza pamoja na yai ili kuilegeza kinga ya funza, na katika jeni moja ya virusi hivyo nyigu wa pwani na wa bara wametofautiana. Nyigu wa pwani hawakuwa wakikutana na *Busseola*, ambaye joto la pwani halimfai. Wa Kitale walikutana naye kila msimu. Na huyo *Busseola* mwenyewe, aliposomwa nasaba zake mwaka 2006, akaonekana kuwa matawi matatu, moja la Afrika ya Magharibi na mawili ya huku kwetu, yaliyotengana zamani za kale, wakati ambapo hapakuwa na hindi hata moja katika bara zima na chakula chake kilikuwa nyasi za mwituni na mtama.

Mtu angewakusanya nyigu wa Mombasa kwa nia njema, akawazalisha maelfu, akawapeleka Kitale, angeipoteza kazi yake yote, na asingejua kwa nini. Hatari kama hiyo imo hata ndani ya maabara. Wadudu wanaolelewa vizimbani kwa vizazi vingi huoana ndugu kwa ndugu, na tofauti walizokuja nazo kutoka porini humomonyoka moja baada ya moja, hata wakawa hodari wa kuishi kizimbani na dhaifu shambani. Ndiyo sababu walezi waangalifu huwachanganya na wageni kutoka mashambani kila baada ya muda.

Kwa hayo yote, naona kwamba magunia ya Kibera yana thamani ambayo haijahesabiwa katika mizani ya sufuria. Mwenye magunia mawili au matatu aghalabu hanunui dawa. Huokota viwavi kwa mkono, hunyunyiza maji ya majivu au ya pilipili, au huacha tu. Nondo wanaokua hapo hawajapita katika chekeche lolote, na miongoni mwao nakala za jeni zisizostahimili sumu zimehifadhika. Nao wakiruka na kuoana na nondo waliotoka kwenye mashamba yaliyozoea dawa, huurudisha nyuma ustahimilivu kizazi hadi kizazi. Haidhuru bustani moja ni ndogo kiasi gani, maadamu ziko nyingi na zimetapakaa. Kwa hiyo sipendezwi na mashauri ya kuwagawia wenye magunia dawa za bure, hata yakitolewa kwa huruma, wala si kwa sababu tu mboga hizo huliwa pengine siku ya pili na watoto wanaocheza kando yake.

Kinachofaa kufanywa kwanza ni kuwajua nondo wa mahali penyewe, na kazi hiyo si ya gharama kubwa. Maabara za taifa za utafiti wa kilimo ziko Kabete, mwendo mfupi kutoka Kawangware, na jaribio lenyewe limekwisha kusanifiwa zamani: majani safi huchovywa katika dawa iliyozimuliwa kwa vipimo mbalimbali, hukaushwa, viwavi wa kimo kimoja huwekwa juu yake, na baada ya siku mbili au tatu wafu huhesabiwa kwa kila kipimo na kulinganishwa na viwavi wa maabara wasiopata kuonja dawa. Sharti moja ndilo wanafunzi wa kazi hii husahau mara nyingi. Viwavi wasichumwe wote kutoka jani moja wala gunia moja, kwa kuwa nondo jike aweza kutaga mayai zaidi ya 100, na viwavi ishirini wa jani moja huenda wakawa ndugu wa tumbo moja, ambao wakifa wote au wakipona wote hawatatueleza ila habari za mama yao. Achukuliwe mmoja kwa kila gunia, na magunia yawe ya Gatwekera, ya Lindi, ya Silanga na ya Laini Saba. Kisha wachukuliwe wengine kutoka vibaraza vya Kawangware, mmoja kwa kila fungu la mboga, na muuzaji aulizwe fungu hilo limetoka Wangige au Limuru, na jina la mahali liandikwe juu ya kichupa kabla kifuniko hakijafungwa.